Theluji ya Monet na vivuli vyake vya buluu

Katika makumbusho ya Orsay mjini Paris kuna picha ya rangi ya mafuta yenye upana wa sentimita 130 na kimo cha sentimita 89. Inaitwa La Pie, jina la ndege wa ukoo wa kunguru, mweusi mwenye tumbo jeupe, ambaye ametua juu ya lango upande wa kushoto. Claude Monet aliichora majira ya baridi ya 1868 kuamkia 1869, karibu na Étretat, kwenye pwani ya Normandy kaskazini mwa Ufaransa. Ukimwondoa huyo ndege, hakuna kiumbe mwingine. Kuna ua uliosukwa kwa fito, umefunikwa na theluji. Kuna miti ambayo kila tawi limebeba mzigo wake mweupe. Nyuma kuna nyumba ya shamba yenye paa lililofunikwa vilevile, na mbele yetu, chini, uwanja mtupu wa theluji ambao kivuli cha ua kimelala juu yake.

Kivuli hicho ni cha buluu. Mahali pengine kinaingia kwenye zambarau hafifu, mahali pengine kinapauka hadi kukaribia kijivu, lakini ukikitazama vizuri huoni weusi hata kidogo. Theluji iliyopigwa na jua nayo haikupakwa nyeupe tupu. Ina krimu, ina umanjano kidogo, na hapa na pale ina mguso wa waridi. Tafuta ndani ya picha sehemu ambayo unaweza kuiita nyeupe kabisa bila kusita, utahangaika. Na bado, ukirudi nyuma hatua chache, unachokiona ni weupe mtupu, weupe wa kuumiza macho.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mchoraji aliweka buluu ili mtazamaji ahisi baridi. Kwa maoni yangu maelezo hayo yanamdhulumu Monet. Baridi tunaihisi, ni kweli, lakini buluu ile ilikuwepo shambani kabla hajafungua kisanduku chake cha rangi. Alichofanya ni kuamini macho yake kuliko alichokijua kichwani. Ili kuelewa ugumu wa jambo hilo, inabidi tuanze na nuru yenyewe.

Jua moja, nuru mbili

Mchana ambao anga ni safi, kitu chochote kilicho nje hupokea nuru kutoka pande mbili. Kwanza ni jua lenyewe, linalopiga kwa mwale wa moja kwa moja kutoka upande mmoja. Pili ni anga zima, kuanzia upeo wa macho hadi utosini na kushuka upande wa pili. Nuru hizi mbili hazina rangi moja.

Mwanga wa jua unapopenya angahewa hukutana na molekuli za hewa, na molekuli hizo hutawanya zaidi mwanga wenye mawimbi mafupi. Wimbi la mwanga wa buluu lina urefu wa nanomita 450 hivi, la mwanga mwekundu 650 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kuifanya buluu itawanywe zaidi ya mara nne kuliko nyekundu. Buluu iliyotawanywa ndiyo inayotufikia kutoka kila kona ya anga, na mwale unaobaki, ule unaotoka kwenye jua moja kwa moja, huwa umepungukiwa buluu na kuelekea umanjano. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alichapisha hesabu za jambo hili mwaka 1871. Wakati huo La Pie ilikuwa imeshakamilika, na imeshakataliwa.

Jua la majira ya baridi huikuza tofauti hiyo. Étretat iko karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, na mwishoni mwa Desemba jua la saa sita mchana hupanda pale nyuzi 17 tu juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam, saa hiyo ya mchana, siku hiyohiyo, jua liko nyuzi 73 hivi. Simika mti wa mita moja Dar es Salaam utapata kivuli cha sentimita 30. Usimike Étretat, kivuli kitapita mita tatu. Ndiyo maana ua mfupi wa fito umeweza kujaza sehemu kubwa ya uwanja kwa kivuli chake. Zaidi ya hapo, mwale unaokuja kwa mshazari namna hiyo hupita kwenye hewa nyingi zaidi ya mara tatu kuliko mwale wa jua la utosini, kwa hiyo njiani unapoteza buluu nyingi zaidi. Adhuhuri ya Desemba huko kaskazini ina rangi ambayo sisi wa karibu na ikweta tunaiona jua likiwa linakaribia kuzama.

Sasa weka theluji chini ya nuru hizo mbili. Punje ya theluji peke yake ni barafu isiyo na rangi, unaweza kuona upande wa pili. Zikilundikana maelfu kwa maelfu, mwanga huingia kwenye punje moja, ukapinda, ukatoka, ukagonga nyingine, hadi unarudi nje bila rangi yoyote kuachwa nyuma. Theluji mbichi hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, na huurudisha karibu kama ulivyokuja. Udongo hula sehemu ya rangi, majani hula sehemu kubwa. Theluji haili kitu. Ukiipiga kwa nuru ya manjano itakuwa ya manjano, ukiipiga kwa nuru ya waridi itakuwa ya waridi. Wakazi wa Moshi wanalijua hili bila kuhitaji kitabu, maana wameona theluji ya Kibo ikigeuka rangi ya chungwa jua linapochomoza.

Kivuli, basi, ni mahali ambapo ua umeukinga mwale wa jua. Lakini ua haujalikinga anga. Theluji iliyo kivulini inaendelea kuoga nuru ya buluu inayoshuka kutoka juu, na kwa kuwa hairudishi kingine ila inachopewa, inarudisha buluu. Theluji iliyo hatua mbili pembeni, juani, inapata zote mbili, na nuru ya jua, iliyo na nguvu zaidi na umanjano wake, ndiyo inayotawala. Haya ndiyo Monet aliyoyaweka kwenye turubai: mstari ambapo nuru moja inakatwa na nyingine inabaki.

Kuna jambo hapa linalowachanganya watu. Anga linaloonekana kwenye La Pie si la buluu. Limepauka, ni kijivu chenye krimu ndani yake. Buluu ya vivuli imetoka wapi? Jibu liko kwenye mwelekeo. Monet alisimama akilielekea jua. Ndiyo maana vivuli vinakuja upande wetu na ua unatuonyesha uso wake usiopigwa na mwanga. Anga la upande wa jua, hasa likiwa karibu na upeo wa macho, huwa ndilo lenye weupe kuliko sehemu nyingine zote. Buluu iliyokolea hukaa juu na upande wa nyuma, mahali ambapo picha haifiki. Kivuli hakichagui, hupokea kutoka kuba lote la anga. Navyoisoma mimi picha hii, uwanja ule wa mbele unatueleza habari za anga lililo juu ya kofia ya mchoraji na nyuma ya mgongo wake. Nje ya fremu kuna siku nzima ya baridi yenye anga la buluu, na ushahidi wake umelala chini kwenye theluji.

Kwa nini hatuioni

Kama buluu hiyo ipo kweli, kwa nini watu walioishi na theluji miaka yote walimwona Monet amepotoka? Sababu ni kwamba jicho na ubongo havifanyi kazi ya kupima mwanga. Kazi yao ni kutambua vitu. Karatasi nyeupe ukiisoma chini ya taa ya manjano usiku, kisha ukaisoma nje mchana, mwanga unaoingia machoni mwako una rangi tofauti kabisa, ila wewe unaona karatasi ileile nyeupe. Ubongo umekisia rangi ya taa na kuiondoa kwenye hesabu, na umefanya hivyo haraka kiasi kwamba hukujua. Bila uwezo huo tungepotea, tunda bivu la asubuhi lingekuwa tunda jingine jioni. Lakini ndio huohuo unaomfanya mtu aapie kwamba theluji ni nyeupe hata pale iliposhika buluu ya wazi.

Unaweza kujaribu bila theluji. Chukua shuka jeupe lisilo na maua, litandike uani asubuhi na mapema au saa kumi na moja jioni, siku ambayo anga halina mawingu, mahali pasipo na ukuta wa rangi kali karibu. Simamisha ndoo au mti ili utoe kivuli. Ukitazama tu, utaona shuka jeupe lenye sehemu iliyofifia. Sasa kunja karatasi iwe bomba jembamba, fumba jicho moja, na utazame kupitia bomba hilo sehemu ya kivuli pekee, kisha hamisha tundu pole pole hadi sehemu yenye jua, kisha urudi. Bomba limekunyima habari za mazingira ambazo ubongo huzitumia kufanya makisio yake. Ukivuka mpaka wa kivuli mara kadhaa, buluu itajitokeza, na upande wa jua utaonekana una umanjano ambao hukuudhania. Wachoraji wa mandhari hujizoeza kuona hivyo bila bomba, na huwachukua miaka.

Monet hakuwa wa kwanza kuliona. Mwaka 1777, mwezi Desemba, mshairi wa Kijerumani Goethe alikuwa akishuka mlima Brocken uliojaa theluji. Mchana, theluji ilipokuwa na umanjano, aliona vivuli vya zambarau hafifu. Jua lilipoendelea kushuka na umanjano kukolea, vivuli vikawa buluu. Na mwishoni kabisa, jua la kuzama lilipoipaka theluji nyekundu yenye zambarau, vivuli vikageuka kijani. Aliyaandika katika kitabu chake cha nadharia ya rangi cha mwaka 1810.

Kijani hicho kinatulazimisha kuongeza kipande cha pili kwenye maelezo, kwa sababu anga haliwi kijani namna hiyo. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji wa rangi za nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, alipata malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Alizichunguza, akakuta hazina kasoro. Kasoro ilionekana pale tu zilipofumwa kando ya buluu na zambarau. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu kanuni aliyoigundua: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja humsukuma mwenzake kuelekea rangi iliyo kinyume chake. Manjano humsukuma jirani kwenye zambarau, chungwa humsukuma kwenye buluu, nyekundu humsukuma kwenye kijani. Kwa hiyo kivuli juu ya theluji kinasukumwa mara mbili. Fizikia ya anga inakipeleka kwenye buluu. Jicho, likiwa limeshiba umanjano wa theluji iliyo juani, linakipeleka hukohuko. Kijani cha Goethe kilitengenezwa ndani ya jicho.

Na hapa ndipo buluu ya Monet inapokuwa ngumu kuipima kwa kifaa. Kipima mwanga kingekuta buluu pale shambani, ila huenda kiasi chake kingekuwa kidogo kuliko alichopaka. Kilichobaki kimetoka kwenye jicho la mtu aliyesimama nje kwenye theluji muda mrefu. Sioni kwamba hilo linaifanya picha iwe na ukweli pungufu. Sisi nasi tungekuwa pale tungeona kwa macho, wala si kwa kifaa.

Rangi haiwezi kung'aa kama theluji

Tatizo lililofuata lilikuwa la mikono. Rangi nyeupe iliyo bora kabisa hurudisha asilimia 90 hivi ya mwanga, na nyeusi hurudisha asilimia nne au tano. Maana yake, kutoka giza hadi mwangaza, mchoraji ana nafasi ya mara 20 hivi tu. Nje, kati ya theluji inayong'aa juani na shimo lenye giza chini ya paa, tofauti hufika mamia. Tena picha hutundikwa ukumbini, mahali ambapo mwanga ni hafifu zaidi ya mara mia kuliko wa nje. Mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alilizungumzia suala hili katika mihadhara yake kuhusu macho na sanaa ya uchoraji: mchoraji hana namna ya kunakili mwangaza wenyewe, anachoweza ni kuutafsiri.

Wachoraji wa kizazi kilichotangulia waliutafsiri kwa giza. Walianza na turubai iliyopakwa hudhurungi au kijivu kizito, wakajenga vivuli vizito, kisha wakaweka weupe mdogo ambao ulimeta kwa sababu ya giza lililouzunguka. Njia hiyo hufaa kwa chumba chenye mshumaa. Kwa uwanja wa theluji mchana inashindwa, maana kwenye theluji hakuna giza la kuazima. Kila sehemu iliyo juani inairushia nuru sehemu iliyo kivulini, na vivuli vyenyewe vinang'aa.

Monet alifanya kinyume. Alivipandisha vivuli karibu na weupe, akakubali tofauti ya mwangaza iwe ndogo, halafu akaweka tofauti ya rangi mahali pa tofauti ya mwangaza. Krimu yenye joto hapa, buluu baridi pale, zikiwa zimekaribiana kwa mwanga. Jicho likikutana na jozi hiyo huielewa mara moja: hapa jua, hapa kivuli.

Buluu inasaidia pia kuutengeneza weupe wenyewe. Nyeupe iliyotumika zaidi enzi hizo ilikuwa ya madini ya risasi, ikikorogwa na mafuta ya kitani, na mchanganyiko huo huelekea umanjano. Anayefua kanzu au shuka nyeupe na kutia nili kidogo kwenye maji ya kusuuzia anafanya kazi ileile ya kuupooza umanjano kwa buluu, na nguo ikitoka inaonekana nyeupe kuliko ilivyokuwa. Undugu huo ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Buluu ya unga iliyouzwa miongo mingi kwa ajili ya kufulia ni ultramarini ya kiwandani, ambayo Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alifanikiwa kuitengeneza miaka ya 1820. Kabla yake buluu hiyo ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapisi lazuli lililotoka Afghanistan, na bei yake iliwatoa jasho hata wachoraji wa wafalme.

Kiwanda, kwa kweli, kina sehemu kubwa katika habari hii. Buluu ya kobalti ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kazi ya mkemia Louis Jacques Thénard. Kijani safi cha kromi kilipewa hataza mwaka 1859. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alisajili tyubu ya bati inayokunjwa, na kuanzia hapo mchoraji aliweza kubeba rangi zilizokwisha kukorogwa hadi shambani bila kukauka. Bila tyubu hiyo, kuchora kwa mafuta ukiwa umesimama kwenye theluji kungekuwa mateso matupu. Hata nayo kulikuwa kugumu: mwandishi wa gazeti la Le Havre aliwahi kusimulia jinsi yeye na wenzake walivyomkuta Monet nje kwenye baridi kali, na kifaa cha moto cha kupashia miguu, makoti matatu mwilini, glavu mikononi na uso nusu umeganda, akichunguza theluji. Baadaye, mwaka 1905, Monet alipoulizwa kuhusu rangi zake alitaja chache tu: nyeupe ya risasi, manjano ya kadimi, vamilioni (nyekundu kali), nyekundu ya madha iliyokolea, buluu ya kobalti na kijani. Hakutaja nyeusi.

Mwaka 1868 nyeusi ilikuwa bado kwenye kibao chake cha kuchanganyia rangi, na katika La Pie ameitumia kwa uangalifu wa bahili. Ndege ndiye doa jeusi kuliko yote. Mzibe kwa kidole gumba kwenye nakala uliyo nayo, uone kinachotokea: uwanja wote unalegea, theluji inageuka ukungu wa krimu na buluu usio na kipimo. Ondoa kidole, na theluji inarudi kuwa theluji. Jicho linahitaji mahali pa giza ili lijue mwangaza umeanzia wapi, na Monet amelipatia sehemu ndogo kuliko kiganja. Kivuli cha ndege huyo na cha lango alilotua navyo vimepakwa buluu, vikimwunganisha na ardhi.

Walioikataa

Monet aliipeleka La Pie kwenye Salon ya 1869, yale maonyesho makubwa ya Paris ambayo yaliamua nani anaitwa mchoraji na nani haitwi. Majaji waliikataa. Haikuwa kwa sababu ya theluji. Gustave Courbet alikuwa amechora theluji miaka hiyohiyo na kusifiwa. Lakini theluji ya Courbet ilikuwa na mwindaji, mbwa, mbweha, paa aliyejeruhiwa. Ilikuwa na kisa. Kwa Monet kisa kimeondolewa, ndege hafanyi kitu, na mwanga umeachwa ubebe picha peke yake.

Miaka mitano baadaye, tarehe 15 Aprili 1874, Monet na wenzake walifungua maonyesho yao wenyewe katika studio ya zamani ya mpigapicha Nadar, mtaa wa Capucines. Camille Pissarro alileta picha ya shamba lililofunikwa na umande ulioganda, Gelée blanche, aliyoichora 1873. Mwandishi Louis Leroy, katika makala yake ya kejeli kwenye gazeti la Le Charivari, ambayo ndiyo iliyowapa jina la Waimpreshonisti, alimwonyesha mtazamaji akidhani miwani yake imechafuka, kisha akiamua kwamba anachokiona ni masalio ya rangi yaliyokwanguliwa kwenye kibao na kumwagwa juu ya turubai chafu. Hiyo ni kejeli. Lawama ya Jules-Antoine Castagnary naiona ya thamani zaidi, kwa sababu alikuwa mtu aliyewapenda. Alimlaumu Pissarro kwa kuchora shambani vivuli vya miti ambayo haimo kwenye picha, miti iliyosimama nje ya fremu.

Castagnary aliona sawasawa, akahukumu vibaya. Miti ile haionekani, vivuli vyake vinakatiza matuta ya shamba, na mtazamaji anabaki kukisia. Ni jambo lilelile la anga la La Pie. Mchoraji wa studio hupanga vitu ndani ya fremu kisha akaviangazia. Hawa walianza na nuru, na nuru haina habari na fremu; huleta shambani chochote ilichokigusa njiani.

Lawama ya buluu haikuisha haraka. Mwandishi Joris-Karl Huysmans aliwashutumu Waimpreshonisti kwa wazimu wa nili, na akadai macho yao yana ugonjwa, akitolea mfano uchunguzi wa daktari Charcot kuhusu wagonjwa wa akili walioshindwa kutambua rangi. Ugonjwa wa macho wa Monet ulikuja kweli, lakini ulikuwa mtoto wa jicho, uliobainika 1912, akiwa ameshapita miaka 70. Nao mtoto wa jicho huzuia buluu na kuipaka dunia manjano na hudhurungi, kinyume kabisa cha tuhuma ile. Alipoichora La Pie alikuwa na miaka 28, na macho mazima.

Si kila theluji ya Waimpreshonisti ina vivuli vya buluu, na hili linathibitisha kwamba hawakuwa wakifuata mapishi. Alfred Sisley alipochora theluji ya Louveciennes mwaka 1878, anga lilikuwa limefungwa na mawingu. Mawingu hutawanya rangi zote kwa usawa na kuifanya nuru itoke kila upande, kwa hiyo hakuna mwale, hakuna mpaka wa kivuli, na rangi zinajificha ndani ya kijivu laini. Majira ya baridi ya 1879 hadi 1880 mto Seine uliganda, na barafu ilipovunjika Januari, Monet alichora vipande vyake vikielea chini ya nuru iliyopoa. Na kati ya 1890 na 1891 alirudi tena na tena kwenye marundo ya nafaka karibu na nyumba yake ya Giverny, akabadilisha turubai kila nuru ilipobadilika. Katika zile za theluji utakuta rundo lilelile na ardhi ileile vikiwa waridi na kijani hafifu asubuhi, buluu na manjano adhuhuri, chungwa na zambarau jioni. Mwaka 1891 mfanyabiashara wa sanaa Paul Durand-Ruel alionyesha 15 pamoja katika ukumbi wake wa Paris. Zikiwa zimepangwa ukutani namna hiyo, theluji yenyewe ilikosa rangi ya kudumu, na kilichoonekana kikipita kutoka turubai moja hadi nyingine ilikuwa saa ya siku.

La Pie iliingia kwenye mikusanyo ya Orsay mwaka 1984. Wengi wetu tunaiona kwenye simu, na hapo inafaa tahadhari moja. Kamera za kidijitali zina programu ya kusawazisha weupe, inayofanya kile ubongo unachofanya: inakisia rangi ya taa na kuiondoa. Nakala za picha hii zilizoko intaneti kwa hiyo hazifanani. Nyingine zimekolea buluu kupita kiasi, nyingine zimevutwa kwenye umanjano hadi vivuli vimekuwa kijivu. Usiamini rangi moja moja. Linganisha ndani ya nakala hiyohiyo: weka jicho kwenye theluji iliyo juu ya ua, inayopigwa na jua kwa nyuma, kisha shuka hadi kwenye kivuli kilicho chini yake. Rangi zenyewe zitabadilika kutoka nakala hadi nakala, lakini umbali kati ya sehemu hizo mbili kwa kiasi kikubwa hubaki, na umbali huo ndio Monet alioupima siku ile akiwa kwenye baridi.